Aliyekudhulumu akipata ajali, ndiyo karma hiyo?

Mleta uzi anauliza kama ajali aliyopata bosi wake wa zamani, aliyemla mshahara wa miezi miwili, ni karma (yaani tendo la mtu kumrudia mwenyewe), na kama kuielewa karma kunamkuza mtu kiroho. Wengi mmemjibu "malipo ni hapa hapa duniani". Nina la kuongeza, maana nimefanya kazi miaka mingi Mombasa kwenye duka la vitambaa la familia ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India.

Hiyo ya hapa hapa duniani ni yetu sisi. Kwa Wahindu, Wabudha na Wajaini, tunda la tendo laweza kuchelewa hadi maisha mengine kabisa, na wewe huwezi kujua ajali ile imetokana na tendo lipi. Hesabu za bosi wako huziwezi, ndugu yangu. Shika zako.

Wajaini wanaiona karma kuwa kitu hasa: chembe zisizoonekana, zinazoganda kwenye roho kama vumbi kwenye ngozi iliyopakwa mafuta. Kinachozigandisha ni hasira, kiburi, hila na tamaa, na kudhuru kiumbe hai huzivuta. Ndiyo maana mzee wetu, mwenye duka, hakutaka sisimizi wamwagiwe mafuta ya taa mlangoni. Aliwafagia polepole kwa ufagio laini, mteja amesimama anasubiri. Viazi na vitunguu hali, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vya udongoni. Asubuhi lazima apite kwanza hekaluni kwao, mtaa wa Langoni, lile la marumaru nyeupe la mwaka 1963.

Mimi kilichonigusa ni Paryushan, siku zao 8 za toba na mfungo, huwa Agosti au Septemba. Wapo wasiokula kabisa, wanakunywa maji yaliyochemshwa tu, tena kabla jua halijatua. Siku ya mwisho mzee akaja dukani, akampitia kila mmoja wetu mpaka askari wa mlangoni, viganja amevikutanisha kifuani: "Micchami dukkadam", yaani ubaya wote niliokutendea ufutike. Kwangu alilitaja kabisa lile jora alilonigombeza kwalo mbele ya wateja. Tajiri kumwomba radhi kibarua! (Mshahara haukupanda, msidhani.)

Hapo ndipo naona kukua kiroho kulipo. Buddha naye alifundisha kwamba kusudi la moyoni ndilo karma yenyewe. Na kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake iko kwenye tendo, si kwenye matunda yake. Wote wanamrudisha mtu kwenye nia yake mwenyewe, hakuna anayemtuma akapeleleze ya jirani.

Kwa hiyo, mleta uzi, ajali ya bosi iache. Ila hiyo "amekoma" uliyoiandika kwa furaha, kwa hesabu za mzee wangu inaganda kwako. Mshahara wako endelea kuudai, ofisi ya kazi ipo, na akitoka hospitali anaweza kulipa.