Uliza Nahodha: Mwalimu amestaafu, anataka boti ya kulala ndani

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni mwalimu, nimestaafu mwaka jana, nakaa Mambrui. Kuna mzungu pale Kilifi anauza boti yake ya mashini, futi 36, ina vyumba viwili, jiko, choo na mashini moja ya dizeli. Nia yangu ni mimi na mke wangu tutembee na pwani pole pole, Malindi, Amu (Lamu), hata Wasini, tulale humo, tuvue kitoweo chetu, tuwaone ndugu. Watoto wanasema nimepotea. Mke wangu hasemi kitu ila ameshakwenda kuiangalia mara mbili. Niambie ukweli, mafuta yatanimaliza? Na miaka 61 mtu anaanza kweli mambo haya?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kustaafu salama. Nianze na mafuta maana naona ndio yanakutisha. Boti kama hio ya mashini moja haikuundwa kukimbia na hapo ndipo penye faida yake. Ukienda nayo maili 6 za baharini kwa saa, ambazo ni kilomita 11 tu, mtu wa baiskeli anakupita, mashini itakula kama lita 6 mpaka 8 kwa saa. Malindi mpaka Amu ni kama maili 75 za baharini, kwa hivyo piga hesabu, saa 12 na nusu, lita 90 hivi, na akiba juu yake. Sasa ukiikanyaga ifike 8 utaona tezi, nyuma ya boti, inazama chini, wimbi refu linajikunja nyuma yako, mafuta yanakuwa mara mbili na kupita, na umeokoa saa 3 tu za siku nzima. Za nini saa 3 kwa mtu aliyestaafu? Zile boti za mashini mbili kubwa zinazopaa juu ya maji zinaweza kumeza lita mia kwa saa, hizo waachie wenye biashara.

Utakachokilipa zaidi ni subira. Wazee wetu walikwenda na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, wakarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, na mashini haijafuta kalenda hio hata kidogo. Mwezi wa 5 mpaka wa 7 kusi inapokaza, wewe kaa ndani ya hori la Kilifi upake rangi, usibishane nayo. Mwezi wa 9 na wa 10 kusi imelegea, ndio wakati wa kuja Amu, upepo uko mgongoni na mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini kwa hivyo unasukumwa bure. Kisha kaskazi ikishika, mwezi wa 12 ama wa kwanza, unateremka nayo kurudi kwenu. Ukitaka kwenda kinyume utafika, lakini mama atatapika njia nzima na hatapanda tena, na hapo safari zako zimekwisha.

Sehemu ya kuiheshimu ni ghuba ya Ungwana. Mto Sabaki na Tana inamwaga tope lake upande ule, maji ni machafu na madogo, mafungu ya mchanga huyaoni, na mahali pa kujibanza ni haba. Mie nilikwama pale. Nilikuwa nimenunua dizeli ya mitungi, muuzaji simtaji, na magharibi imeingia mashini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Tukatia nanga kwenye mita 8, nikashuka na tochi kuangalia filta, na kwenye kile kikombe cha kioo chini yake nikaona dizeli juu, rangi ya chai ya mkandaa isiyo maziwa, na chini yake maji meupe mpaka nusu, mstari baina yao umenyooka kama umepigwa rula. Tulilala pale tunayumba mpaka alfajiri, nikimwaga maji na kutoa pumzi kwenye mipira ya mafuta. Tokea siku hio mafuta ya mtungi siyatii tangini bila kuyachuja na kuyaacha yatue kwanza, na filta za akiba ninazo nne. Nakuomba mwalimu, jifunze kubadilisha filta na impela ya pampu ya maji kwa mikono yako, gizani, kabla hujajifunza kitu kingine. Na kila ukiwasha, inama tezi usikilize maji yanavyotoka kwenye ekzosi. Yakitoka kwa kutapika tapika, vizuri. Ukisikia sauti kavu, zima hapo hapo.

Kwa hivyo usije Amu kwa mruko mmoja. Lala Ngomeni, nyuma ya ras kuna kinga ya kusi, zinabaki kama maili 60. Ng'oa nanga saa 11 alfajiri utaingia mlango wa Amu mida ya saa 9 alasiri, jua bado lina nguvu za kukuonyesha rangi ya maji. Mlango wowote wa pwani hii usiuingie usiku kama hujauzoea, hata hio simu yako ikikuonyesha ramani nzuri vipi.

Na nanga. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa maji yanapanda zaidi ya mita 3. Ukitia nanga kwenye mita 3 maji yamekupwa, yakijaa uko kwenye 6, kwa hivyo mnyororo upime wa 6, mara tano yake, mita 30. Kinyume chake ndio wengi wanapwelewa, wanatia nanga maji yamejaa wanaona pazuri, wanaamka boti imelala ubavu na wavuvi wanapita kwa miguu.

Pesa sasa. Usitie pensheni yote, tafadhali. Watu wa maboti hutenga fungu la kumi la bei kila mwaka kwa matengenezo tu, kwa hivyo kama bei yake inakumaliza basi hio si boti yako, tafuta ndogo. Kabla hujalipa ipandishwe juu, igongwe gongwe chini, fundi wako si wake. Uliza ushuru umelipwa maana maboti mengine ya wageni yameingia kwa kibali cha muda. Halafu usajili na ukaguzi ni kwa Kenya Maritime Authority, na makoti ya kuokolea yawe ya watu wote.

Umri usikutie wasiwasi, manahodha wa miaka 70 tunao Amu na wanaamka kabla yako. Kilichonifurahisha mie ni huyo mama kwenda mara mbili. Mfunze usukani kama unavyojifunza wewe, na redio, chaneli ya 16 ya kuitia msaada, maana wewe ukianguka ni yeye atakayekurudisha. Mwombe mwenye boti mlale humo siku mbili kwenye nanga kabla ya kulipa. Siku ya pili mama akianza kupanga vyombo vya jikoni upya, nenda kalipe.

SWALI: Baba yetu ana presha na ana boti yake, hulala peke yake Manda siku tatu nne. Tumkataze? (Binti, Shela)

JIBU: Mwanangu, msimkataze, atanyong'onyea. Mwekeeni masharti. Dawa za siku kumi ndani ya kopo lisiloingia maji, simu asubuhi na jioni kwa saa iliyopangwa, na akichelewa kupiga kwa masaa mawili mtu anaondoka na mashua kwenda kumwangalia bila kungoja. Na ngazi ya kupandia boti kutoka majini iwe imeshuka wakati wote. Mtu mzima akidondoka usiku na ngazi iko juu, hawezi kujivuta, mikono haina nguvu hio tena.

SWALI: Nahodha, nataka kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, kwenda Faza na boti inayozama mita 1 na nusu. Saa ngapi?

JIBU: Pita maji yakiwa yanajaa, usingoje yajae kabisa, ili ukigusa mchanga yakuinue. Mwezi mpevu hupwa mida ya saa 4 asubuhi, kwa hivyo mchana ule anza mida ya saa 8. Na mara ya kwanza chukua kijana wa Pate akae omo, mbele ya boti.