Kaka hatuongei, nimwite Bhai Bij au ninyamaze?

SWALI: Namaste Maharaj. Mimi na kaka yangu hatuongei mwaka wa tatu huu sababu ya nyumba aliyoacha baba. Yeye yuko Upanga mimi Kisutu, hapo hapo tu. Diwali ndo hiyo, na siku ya pili baada yake ni Bhai Bij, sikukuu yetu Wahindu ya kaka na dada. Mama anasema kaka ndo anatakiwa aje kwa dada, nisubiri. Mume wangu anasema nikimwita itaonekana nyumba nimemuachia. Nifanyeje?

JIBU: Namaste dada yangu, pole sana. Mama hajakosea, siku hii kaka ndo anamfuata dada, sio kama Raksha Bandhan, sikukuu ya dada kumfunga kaka uzi mkononi, ambayo uzi unaweza hata kuutuma kwa posta ukamfikia Leicester. Bhai Bij haitumwi, lazima aje, akae, ale ulichopika. Ila kuna kipande cha kisa cha siku hii mama amekiruka.

Yama na dada yake Yamuna ni watoto wa Surya, yaani jua. Yama kazi yake kuchukua roho za watu. Yamuna alikuwa anamwita kila mara njoo ule kwangu na yeye anaahirisha tu, kazi nyingi, halafu anawaza mimi mtoa roho nani atataka niingie kwake. Hapo huwa panantoa machozi kila nikisimulia. Siku ya pili ya mwezi mwandamo wa Kartik, mwezi wa kalenda yetu ya Kihindu, akatokea mlangoni, dada akampaka tilak, ile alama ya paji la uso, akamlisha, Yama akasema omba chochote. Hakuomba dhahabu. Aliomba aje kila mwaka siku hiyo hiyo, na kaka atakayelishwa na dada yake siku hiyo asimuogope Yama. Mpaka leo kule Mathura, India, kwenye ngazi za mtoni za Vishram Ghat, kaka na dada wanaoga mtoni Yamuna wameshikana mikono.

Sasa aliyeita ni nani? Dada. Tena aliita mara nyingi.

Kwa mume wako, mwambie tilak sio saini. Nyumba ina mambo yake ya mirathi na mwanasheria, endelea nayo. Nimeshaona kaka anakuja na boksi la mithai mkono mmoja, mwingine karatasi ya dada kuachia haki yake, hiyo sio dini kabisa! India kwenyewe sheria ya 2005 imempa binti wa Kihindu fungu sawa na kaka kwenye mali ya ukoo. Kwa hiyo siku hiyo karatasi isiletwe, na wewe pia usiitaje nyumba.

Mtumie meseji mwenyewe, usipitie kwa mama. Andika tu, "Bhai, chakula saa saba kwangu." Mkalishe, mpake kumkum, ule unga mwekundu, kwa kidole cha pete katikati ya paji la uso, ikiwa bado mbichi bandika punje za mchele zishike, zungusha diya, taa ndogo ya mafuta, kitamu mlishe kwa mkono wako.

Asipokuja, jua likizama tu toka roshani uangalie magharibi, mwezi utakuwa mwembamba kama ukucha na hauchelewi kuzama. Dada asiye na kaka karibu anauzungushia mwezi ile taa, na watoto wetu si wanauita Chanda Mama, mjomba mwezi. Mtaje kaka kwa jina umuombee umri mrefu. Chakula chake mpe mlinzi au jirani kisimwagwe, na mwakani mtumie meseji tena.