Jibu: Padri wa jeshi au paroko wa Likoni?

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Kwamba mchumba wako ni mwanamaji wa jeshi katika kambi ya Mtongwe, Mombasa, wewe unasali parokia ya Likoni, na hamjui nani awafungishe ndoa: yeyote kati yao anaweza. Tangu hati ya Papa Yohane Paulo II ya 1986, padri wa jeshi ana mamlaka ya paroko kwa askari na familia zao, na paroko wa mtaani hapokonywi yake.

Kwanza angalieni vyeti vya ubatizo. Viwe vipya, kutoka parokia mlikobatizwa. Kile cha zamani cha kabatini hakikubaliwi. Sisi cha mume wangu kilitoka bara, kikatuchelewesha kweli. Halafu muoneni padri wa kambi mapema, maana naye ni afisa, huhamishwa kama askari wengine.