Laini ya simu kama akiba ya faiba kwa ofisi za Mwanza

Ofisi inayotegemea faiba, yaani intaneti ya waya, kwa kazi za kila siku inafaa iwe na laini ya simu ya akiba, lakini laini hiyo itasaidia pale tu inapopita njia tofauti na ile ya faiba yenyewe. Ofisi yetu ya Nyakato huandaa nyaraka za kusafirisha minofu ya sangara, na nyaraka zikichelewa, mzigo huachwa na ndege. Ndiyo maana jambo hili nimelifuatilia kwa karibu.

Wengi huchukua faiba na laini kutoka kampuni moja ili walipe bili moja. Jirani yetu alifanya hivyo. Siku mitambo ya ujenzi wa barabara ilipokata waya ardhini, simu yake iliendelea kuonyesha mawimbi yaliyojaa, ilhali hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Mawimbi yale huonyesha hali kati ya simu na mnara tu. Kutoka mnarani kwenda mbele, data husafiri mara nyingi kwa faiba, na huenda ikawa ileile iliyokatwa. Chagua basi kampuni nyingine, na umuulize fundi wake bila haya kama mnara wa eneo lako unalishwa kwa njia gani. Jibu halitakuwa kamili kila mara, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Mwanza ina tatizo lake: mawe. Nyumba iliyo nyuma ya jabali, kama zilivyo nyingi kwenye miinuko ya Mabatini na Igogo, inaweza kukosa 4G nzuri hata kama mnara uko karibu. Kabla ya kununua kifaa chochote, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta ya laini (kifaa kinachogawa intaneti ya laini ya simu) na usome kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani: kikiwa karibu na -85 kazi itakwenda, kikishuka hadi -110 utahangaika. Sogeza ruta dirishani, upande unaoelekea mnara, kisha upime tena jioni watu wanapokuwa wengi hewani. Ikishindikana, antena ya nje juu ya paa huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha ruta.

Ruta yenye uwezo wa kuhamia laini yenyewe ni bora, mradi ipangwe vizuri. Nyingi hutazama tu kama waya umeunganishwa, na taa ya kiboksi cha faiba inaweza kuwaka kijani huku intaneti imekufa huko mbele. Iambie ruta ijaribu kufikia anwani mbili za mbali, kwa mfano 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na ihame pale zote zinaposhindwa kujibu. Zingatia pia kwamba kwenye laini ya simu wateja wengi hugawana anwani moja ya umma, kwa hiyo kamera za ofisi unazozifungua moja kwa moja ukiwa nyumbani huenda zisifikike hadi faiba irudi.

Bando nalo lina mitego yake. Kompyuta hazijui kwamba zimehamia kwenye akiba. Zitapakua masasisho na kupandisha nakala za mafaili hadi bando liishe kabla ya saa sita mchana. Zuia hayo kwenye ruta, ubakize barua pepe na mifumo ya kazi. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ndogo yenye kulisha kiboksi cha faiba na ruta peke yake hukaa muda mrefu, mradi mtu asichomeke printa.

Kuna hitilafu ambazo akiba hii haizimudu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, faiba na simu vyote viliyumba nchini, kwa sababu vyote hutoka nje ya nchi kwa nyaya hizohizo. Kwa siku za namna hiyo sisi huhifadhi nakala za fomu zote ndani ya kompyuta, na zinazowezekana hupelekwa kwa mkono hadi uwanja wa ndege.