Fezi iko wapi? Kwa nyinyi mnaoanza kupima chaneli, yaani jinsi mawimbi ya redio yanavyosafiri kutoka antena moja hadi nyingine

Juzi vijana wawili wetu wamerudi maabara kutoka kupima mjini, wamechomwa na jua, wana njaa, lakini furaha tele, nikawaambia leteni faili nione. Nikafungua. Kolamu mbili: frikwensi na desibeli. Basi. Nikawaagizia chai na chapati kwanza, halafu nikawaambia ukweli: fezi, yaani wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake, hamkuisevu, mna nguvu tu, na mmoja nusura alie. Jamani, hii kitu tutaifundisha mara ngapi?

1. Sevuni namba changamano, sehemu zote mbili, halisi na ya kufikirika, ndizo zinabeba nguvu na fezi pamoja. Analaiza (hiyo mashine ya kupima) ikiwa inaonyesha grafu ya desibeli kwa skrini, mara nyingi ukibonyeza sevu CSV inakupa hicho tu unachokiona. Mimi najua kwa sababu nilipoteza Jumapili tatu za Luthuli Avenue, Nairobi, hivyo hivyo. Tulikuwa 5.8 GHz, upana wa 100 MHz, antena ya kupokea iko kwa reli tunaisogeza sentimita 2.5 kila mara, karibu nusu ya wimbi, nafasi kumi kwa kumi, yaani mia moja kila kituo. Kwa nini Jumapili alfajiri? Swipu yetu, yaani kupitia frikwensi zote mara moja, ilikuwa inachukua karibu sekunde moja, na matatu ikipita kwa kilomita 36 kwa saa imeshasogea mita kumi kabla swipu iishe, hapo chaneli uliyoanza kupima si ile unayomaliza nayo. Halafu kuna yale mageti ya chuma ya maduka, yakifungwa yanarudisha mawimbi vizuri sana, ikifika saa tatu mtu akifungua duka lake umepoteza ukuta mzima. Kwa hivyo ni baridi, ni giza, ni soja wa jengo anayetuuliza kama tunatega bomu (baadaye akawa rafiki, alikuwa anatushikia tochi), kanjo (askari wa jiji) wanataka barua, na kila kitu kilienda sawa. Sawa kabisa! Nilirudi nyumbani nikilala kwa matatu na laptopu nimeikumbatia.

Wiki mbili baadaye nikakaa nianze kutafuta kila njia ya mawimbi ilifika kwa pembe gani. Kwa reli kama yetu, pembe inatoka kwa tofauti ya fezi kati ya nafasi moja ya antena na nyingine, hakuna mahali pengine inatoka. Nikatafuta kolamu ya tatu. Nikafungua faili ya kwanza, ya pili, ya hamsini, nikidhani labda kituo kimoja kiliharibika. Zote. Usiku huo nilijaribu kuirudisha fezi kwa Hilbert (hesabu ya kutafuta fezi kutoka kwa nguvu peke yake), na mtu yeyote atakayewaambia hiyo njia itawaokoa mwambieni aende taratibu, kwa sababu inadai chaneli iwe ya fezi ndogo kabisa, na mtaani ambapo mwangwi unaweza kuwa na nguvu kuliko njia ya moja kwa moja hilo sharti linavunjika, tena ule uchelewaji halisi wa kutoka antena hadi antena haurudi. Hata kugeuza data kutoka frikwensi kwenda upande wa muda haikusaidia, bila fezi unapata tu chaneli ikijilinganisha na yenyewe, si mwangwi mmoja mmoja. Asubuhi nikampelekea mwalimu wangu. Akaangalia kimya, akaniuliza, "Fezi iko wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa kazi yote ile nilibaki na upotevu wa nguvu kwa umbali, kitu ningepima kwa asubuhi moja bila reli. Na kurudia hatukuweza, maana ukuta uliokuwa unatupa mwangwi mkubwa ulikuwa umeshafunikwa na bango la mabati. Data mbaya unaweza kuichambua upya miaka kumi, mtaa haukungoji.

2. Kalibresheni ifanyike mwisho wa kebo, pale pale antena inapofungwa, kwa spana ya toki, si kwa vidole. Ukiongeza kebo ya mita moja baada ya hapo umeongeza kama nanosekunde 5, na kwa hesabu zako jengo limesogea karibu mita moja na nusu. Jua likichomoza na kebo zikapata joto, rudia.

3. Hesabu pointi za frikwensi kabla hujatoka. Pointi 201 kwa 100 MHz ni hatua ya kHz 500, inamaanisha uchelewaji unaoweza kuuona unaishia mikrosekunde 2, yaani mita 600 za safari. Mwangwi wa mita 700 utauona umekaa mita 100 kama mgeni asiyealikwa, na utaandika ukurasa mzima kumweleza.

4. SAGE, ile hesabu ya kutenganisha njia za mawimbi, itakupa njia ngapi? Zile ulizoiomba. Ukisema thelathini inakuletea thelathini, hata kama mtaa una nane. Mpe mfumo mchoro halisi wa jinsi antena yako inavyopokea kila upande, fezi ikiwemo, la sivyo makosa ya antena yanageuka kuwa njia hewa. Halafu chukua ramani na futi kamba, nenda ukatafute kila njia yenye nguvu iligonga wapi. Ukikosa ukuta, iweke alama ya shaka, usiipendezeshe.

Vijana wangu, Jumapili hii tunarudi, na safari hii naenda na nyinyi. Saa kumi na moja alfajiri tuwe Odeon, mje na sweta, barua ya kaunti ichapishwe si kwa simu, betri mbili. Faili ya nafasi ya kwanza tunaifungua pale pale barabarani, tunahesabu kolamu tatu kwa sauti, ndipo reli isogee.