Kabla hujaniuliza Flutter au React Native

Juzi kijana mmoja wa Nyegezi hapa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nianze na Flutter au React Native? Au nisubiri Compose Multiplatform ikomae?" Hizo tatu ni fremuweki, yaani vifaa vya kujengea programu za simu, Android na iPhone kwa pamoja. Swali hili huwa nalijibu kwa mkato. Leo nalijibu kwa kirefu, maana wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba kanipigia, anataka programu yangu niiweke na kwenye simu ya mdogo wake aliyeko Ukerewe. Nilikata simu nikakaa kimya muda mrefu.

Huyo mama ndiye aliyeikataa mwaka juzi.

Ilikuwa programu ya kuandika magunia yaliyoingia, nani kalipa na nani anadaiwa. Kwenye simu yangu ilikuwa inateleza kama sato mkononi. Yake ilikuwa Tecno ya RAM GB 2, kioo kimepasuka pembeni. Akapangusa vidole kwenye kanga, akasukuma orodha ya wadeni juu. Ikaganda. Akasukuma tena, ikaruka hadi chini, akajikuta amefungua jina la mtu mwingine kabisa. Akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, hii inanichelewesha. Wateja wa Kongo wananisubiri." Akavuta kaunta buku lake kutoka chini ya meza. Sijasahau sauti ile ya kurasa.

Wiki mbili nililaumu Flutter. Nikaanza hata kuandika upya kila kitu kwa React Native. Bahati nzuri nikaazima simu ya aina hiyohiyo, nikaiendesha programu kwa modi ya profile, ile inayokuonyesha kasi halisi. Skrini inayochora mara 60 kwa sekunde inakupa milisekunde 16 hivi kwa kila picha. Yangu ilikuwa inapitiliza mbali sana.

Kosa lilikuwa langu. Juu ya ukurasa niliweka saa inayohesabu sekunde, na setState yake (amri ya kuiambia Flutter data imebadilika, jenga upya) nikaiita kwenye ukurasa mzima. Chini yake wadeni wote nimewapanga kwenye Column ndani ya SingleChildScrollView, safu inayojenga mistari yote kwa mkupuo. Maana yake kila sekunde simu ya mama ilikuwa inajenga upya mistari yote, hata ile asiyoiona. Nikaitoa saa nikaiweka kwenye wijeti (kipande cha skrini) yake ndogo, orodha nikaihamishia kwenye ListView.builder, ambayo hujenga mistari iliyo kwenye kioo na michache ya jirani tu, na wijeti zisizobadilika nikaziwekea const, neno linaloiambia Flutter isizijenge upya. Kazi ya jioni moja.

Ndiyo maana nasema tuache kukimbizana na majina. React Native ilitoka 2015, Flutter ikafika toleo 1.0 Desemba 2018, na Compose Multiplatform upande wa iOS ilitangazwa kuwa imara Mei 2025, kwa hiyo hata huko hakuna cha kusubiri. Zote tatu zina wazo moja: huiambii skrini hatua kwa hatua "futa hiki, paka rangi kile". Unaeleza data ikiwa hivi skrini iwe hivi, basi. Data ikibadilika, fremuweki inajenga upya panapohusika. Swali la kujiuliza ni hali (data inayobadilika) inakaa wapi, na ikibadilika nani anajengwa upya. Usipolijua hilo, utahama Flutter uende React Native na orodha yako itaganda vilevile.

Na jamani, tujaribu kazi zetu kwenye simu za watu tunaowajengea! Emyuleta, ile simu ya kuigiza, kwenye kompyuta ya RAM GB 16 haijui jua la Kirumba wala kioo kilichopasuka. Tunajenga kana kwamba mteja wetu anaishi Capri Point kwa matajiri, halafu akirudi kwenye daftari tunasema hajui teknolojia. Anajua. Anajua dakika zake zina thamani gani, na sisi ndio tunaopaswa kuziheshimu.

Mdogo wangu wa Nyegezi, umesema Kotlin, lugha inayoandikiwa Compose, unaijua kidogo, basi anza na Compose. Wiki ya kwanza andika skrini moja tu yenye orodha ndefu, uifungue kwenye simu ya zamani kuliko zote hapo nyumbani. Ikiganda, tafuta kwa nini kabla hujaongeza skrini ya pili.

Mimi Jumamosi napanda meli kwenda Nansio, huko Ukerewe. Simu ya huyo mdogo wake, nimeambiwa, ni itel.