Kipeperushi cha dawa ya presha kinaposema "asilimia 50"

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya wilayani, hapa Tanzania. Mwakilishi wa kampuni ya dawa ametuachia kipeperushi na sampuli za dawa mpya ya presha. Kinasema inapunguza kiharusi kwa asilimia 50. Wagonjwa wangu wengi wako kwenye bendrofluazaidi, dawa ya presha ya siku nyingi. Niwahamishe?

JIBU: Nzuri, tabibu. Kwa kipeperushi hicho pekee, usimhamishe hata mmoja.

Kwanza, asilimia 50 ya nini? Tuseme kati ya wagonjwa 100 wasiotumia dawa hiyo, 2 walipata kiharusi, na kati ya 100 walioitumia alipata 1. Kutoka 2 hadi 1 ni nusu kweli, kwa hiyo kipeperushi hakijasema uongo. Ila aliyeepushwa ni mtu 1 katika 100. Wengine 99 wamenunua dawa na hali yao ingekuwa ileile. Mwakilishi akija tena, mwombe hizo namba mbili, pamoja na muda wa utafiti.

Muulize pia ililinganishwa na nini. Kama ni vidonge visivyo na dawa ndani, swali lako halijajibiwa, maana wagonjwa wako tayari wanatibiwa. Ulinganisho wa aina unayoitaka ulishafanywa na taasisi ya serikali ya Marekani, katika utafiti wa ALLHAT uliotolewa mwaka 2002, wenye wagonjwa zaidi ya 33,000. Klothalidoni, dawa ya zamani ya bei ndogo, iliwekwa dhidi ya dawa nyingine mbili za presha, amlodipini na lisinoprili. Kwa mshtuko wa moyo na vifo vitokanavyo nao, hizo mbili hazikuishinda. Moyo kushindwa kufanya kazi ulitokea zaidi kwa waliokuwa kwenye amlodipini, na kwa wagonjwa weusi kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwenye lisinoprili. Klothalidoni ni jamaa wa bendrofluazaidi, ingawa si dawa ileile.

Halafu itazame grafu. Ikionyesha presha ya 142 na 139 kwa nguzo zinazoanzia 130, nguzo ya pili itaonekana fupi kwa robo nzima, wakati tofauti ni 3 tu. Na kushuka kwa presha hakutoshi kuthibitisha kwamba kiharusi nacho kimepungua.

Sampuli ndizo zinazoniumiza zaidi. Unamwanzishia mama wa watu, zinakwisha, dawa haipo kituoni, dukani bei haikamatiki. Anaacha, presha inapanda tena, na bendrofluazaidi alishaambiwa aiache. Tangu 1988 vigezo vya Shirika la Afya Duniani vinataka sehemu kubwa ya malipo ya mwakilishi isifungwe moja kwa moja na mauzo anayoleta. Vigezo hivyo ni vya hiari, kwa hiyo mpokee kwa heshima, ukijua kuwa kazi yake ni kuuza.

Mgonjwa ambaye presha yake haishuki, hakikisha kwanza anameza dawa kila siku na kwamba mkanda wa kipimo unamtosha mkononi. Bado ikiwa juu, fuata mwongozo wa taifa wa matibabu: mara nyingi hatua inayofuata ni kumwongezea dawa ya pili ambayo kituo chako kinaweza kuipata mwezi baada ya mwezi.